Tumekubaliana kuachana. Karatasi zinaanzia wapi?

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinatoka kwa watu ambao hawagombani tena. Wamelia, wazee wamekaa nao wakashindwa, na sasa wanataka kumaliza kwa heshima. Wanachokosa ni utaratibu. Majibu haya ni ya Tanzania Bara, ambako ndoa zote, ziwe za kanisani, msikitini, bomani au za kimila, ziko chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Msomaji wa Zanzibar asifuate hatua hizi. Huko kuna sheria na mahakama za kadhi.

Mimi na mume wangu tumeoana miaka tisa na tuna watoto wawili. Tumeandika makubaliano ya kuachana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wanne wakasaini, mhuri ukagongwa. Kuna haja gani tena ya mahakama? (Msomaji, Morogoro)

Pole, dada, kwa safari hiyo, na hongereni kwa kufika hapo bila kuvunjiana heshima. Lakini hadi leo ninyi bado ni mume na mke. Mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kuvunja ndoa. Mtendaji wa kata hana, mchungaji hana, na wakili hana hata akiwa na mhuri mkubwa kiasi gani. Mwenye mamlaka hayo ni mahakama peke yake.

Lipo na la pili, ambalo huwashangaza wengi: hata mahakama haivunji ndoa kwa sababu tu wenyewe wamekubaliana. Sheria inamtaka hakimu aridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Imetaja mambo yanayoweza kuthibitisha hilo, yakiwemo ugoni, ukatili, kutelekezwa kwa miaka mitatu au zaidi, na kutengana kwa hiari kwa miaka mitatu au zaidi. Kwa hiyo mkiandika "tumechokana" mtakuwa hamjamwambia hakimu kitu. Andikeni ni lini mmoja alihama chumba au nyumba, wazee walikaa mara ngapi na nini kilishindikana. Msitunge kosa ambalo halikutendeka ili kurahisisha mambo. Tumeona wanandoa wakikubaliana kuandika "ukatili" kwa sababu linaonekana neno lenye nguvu, kisha mmoja akiulizwa na hakimu anakanusha, na shauri lililokuwa halina ubishi linageuka kuwa na ubishi.

Makubaliano yenu yana faida kubwa, ila hayafuti hatua hata moja. Yanafupisha ushahidi na kumwonyesha hakimu kwamba mali na watoto vimeshafikiriwa. Karatasi ya mwenyekiti msiitupe. Iambatisheni kwenye maombi. Mmoja wenu atakuwa mwombaji na mwingine mjibu maombi, na hayo ni majina ya nafasi tu, hayamaanishi kuwa mmoja amemshitaki mwenzake. Mtaanzia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, mtapata hati yake ya kwamba limeshindwa kuwapatanisha, mmoja atafungua maombi ya talaka, mwingine ataleta majibu ya kukubali, mtasikilizwa, mtapewa hukumu na amri ya talaka. Mnaweza kufungua Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, hata Mahakama Kuu, kwani sheria imezipa zote mamlaka ya kuanza kusikiliza mashauri ya ndoa. Kwa ndoa isiyo na mabishano Mahakama ya Mwanzo inatosha kabisa. Walio Dar es Salaam wana pia Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia kilichoko Temeke, ambako ngazi kadhaa za mahakama ziko mahali pamoja.

Karani amekataa kupokea maombi yetu, anasema hatuna hati ya Baraza. Baraza litatusuluhisha nini wakati sisi hatuna ugomvi? Na tulikuwa na barua ya ustawi wa jamii! (Msomaji, Mwanza)

Karani amewasaidia, ndugu yetu, ingawa leo hamwoni hivyo. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinakataza mtu kuomba talaka kabla hajapeleka shauri lake kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa na Baraza likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kuna hali chache zilizosamehewa: mwenzako amekutelekeza na hujui aliko; anaishi nje ya nchi na hatarajiwi kuingia Tanzania ndani ya miezi sita ijayo; ameitwa na Baraza akakaidi kwa makusudi; amefungwa maisha au kwa kifungo kisichopungua miaka mitano; ana ugonjwa wa akili usiotibika; au mahakama imeridhika kwamba kuna mazingira ya pekee yanayofanya Baraza lisiwezekane. "Tumekubaliana" haimo.

Tunaomba msomaji akae hapa kidogo, maana hapa ndipo talaka nyingi zisizo na ubishi huharibikia. Bila hati sahihi, shauri huondolewa mahakamani. Hilo ni dogo. Kubwa ni pale kasoro inapopenya bila kuonekana, hukumu ikatolewa, miaka ikapita, mmoja akaoa au kuolewa, kisha mwingine akakata rufaa kwa ajili ya nyumba. Mahakama ya rufaa ikikuta hakukuwa na hati halali inaweza kufuta mwenendo wote, na talaka ikafutika pamoja nao. Wenye ndoa wanarudi pale walipoanzia.

Kwa hiyo nendeni wote wawili kwenye Baraza la kata anakoishi mume. Kama ninyi ni waumini wa jumuiya moja ya dini yenye Baraza lake la ndoa, mnaweza kwenda huko. Barua ya ustawi wa jamii na ya mwenyekiti wa mtaa, hata ziwe na mhuri, hazitoki kwenye Baraza lililoundwa kwa sheria hii. Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Wakili hamwakilishi mtu pale, mnazungumza wenyewe. Waelezeni kwa utulivu kwamba mmeamua na kwa nini. Wajumbe watajaribu kuwapatanisha, na wana wajibu huo, kwa hiyo msiwakasirikie wakiwapangia tarehe ya pili.

Mkipewa hati, isomeni palepale kabla ya kuaga. Inatolewa kwenye Fomu Namba 3. Angalieni majina yenu kama yanafanana herufi kwa herufi na cheti cha ndoa. Angalieni kama imeandikwa wazi kwamba Baraza liliwasikiliza na limeshindwa kuwasuluhisha, pamoja na lilichokibaini. Barua inayosema tu "wahusika waendelee na mahakama" ina upungufu, kwa sababu haisemi kama usuluhishi ulifanyika. Angalieni saini, mhuri na tarehe. Baraza kuvunja ndoa au kuwagawia mali haliruhusiwi. Likiandika hivyo, ombeni liandike upya.

Tarehe ina uzito wake. Siku mnapofungua maombi, hati iwe imetolewa si zaidi ya miezi sita nyuma. Hati ya tarehe 10 Januari msiiache ikavuka tarehe 10 Julai. Wengi hupata hati, wakapumzika, wakaanza kuhangaikia nauli na vyeti vya watoto, wakija kushtuka imeshapitwa. Tayarisheni viambatisho kwanza, ndipo mwende Barazani.

Kuna kijana karibu na mahakama anaandika maombi ya talaka kwa bei nafuu. Naweza kumtumia? Mimi mwenyewe sijui kuandika lugha ya kisheria. (Mama wa watatu, Dodoma)

Mama, lugha ya kisheria isikutishe. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, na Mahakama ya Mwanzo imezoea watu wanaojieleza wenyewe. Lakini kuhusu huyo kijana, usimtumie. Sheria ya Mawakili inamfanya kuwa mkosaji mtu asiye wakili anayeandaa nyaraka za mashauri kwa malipo. Tena waraka unatakiwa uonyeshe nani ameuandaa. Yeye hataandika jina lake. Atakuambia useme umeandika mwenyewe, na kosa lake likionekana utasimama nalo peke yako mbele ya hakimu. Makosa yao tunayajua: wanatumia karatasi ya mteja wa jana, wanabadilisha majina, na wanasahau kubadilisha idadi ya watoto.

Njia zilizo salama ni tatu. Unaweza kuandika mwenyewe, na karani akakuelekeza mpangilio wa fomu. Karani haruhusiwi kukushauri uombe nini. Unaweza kumlipa wakili aandae karatasi tu, bila kukuwakilisha. Mwulize hivyo waziwazi, maana gharama yake ni tofauti na ya kusimamia shauri zima, na mwandikishane ni karatasi zipi anazoandaa. Au nenda kwa watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Mashirika kama TAWLA, WLAC na LHRC yamefanya kazi hii miaka mingi. Msaidizi wa kisheria wa kata yako anaweza kukuelewesha hatua na kukuelekeza kwa wakili wa msaada, ila mahakamani hawezi kukusemea.

Yeyote utakayemwendea, fika na cheti cha ndoa, hati ya Baraza, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, nakala za nyaraka za mali na makubaliano yenu kama yapo. Cheti cha ndoa kikiwa kimepotea, anza kutafuta nakala mapema kwa aliyefungisha ndoa au RITA, wakala wa serikali wa usajili, kwa sababu hiyo ndiyo karatasi inayochukua muda kuliko zote.

Maombi yenyewe yanapaswa kueleza ndoa ilifungwa lini, wapi na kwa namna gani; majina, umri na jinsia ya watoto; kwa nini mahakama hiyo ina mamlaka, yaani makazi yenu; kama kumewahi kuwa na shauri lingine la ndoa kati yenu; mambo yanayoonyesha ndoa imevunjika; mlichokubaliana au unachopendekeza kuhusu matunzo na mali; na mwisho unachoiomba mahakama. Sehemu hiyo ya mwisho isome mara mbili. Kwa kawaida hakimu hatoi kisichoombwa. Tumeona maombi yanayosimulia kurasa tano kuhusu nyumba na watoto, kisha mwishoni yanaomba "talaka" tu.

Kabla ya kusaini, soma kila mstari au usomewe na mtu unayemwamini. Kwa kusaini unathibitisha kuwa ni kweli. Toa nakala ya mahakama, ya mwenzako na yako. Malipo ya kufungulia hufanyika kwa namba ya kumbukumbu utakayopewa. Usimkabidhi mtu fedha mkononi, na risiti ihifadhi.

Mume wangu yuko Uingereza, mwaka huu hana mpango wa kurudi. Amekubali talaka kwa simu. Tunafanyaje? (Msomaji, Arusha)

Hali yako imo katika zile zilizosamehewa Baraza, mradi uithibitishe. Andika ndani ya maombi kwamba hati ya Baraza haikuambatishwa kwa sababu mjibu maombi anaishi nje na hatarajiwi kuingia nchini ndani ya miezi sita ijayo, kisha ambatisha ushahidi: barua yake iliyosainiwa, nakala ya kibali chake cha kuishi huko, mkataba wa kazi. Usinyamaze kimya ukitegemea hakimu atajua.

Neno la kwenye simu halitoshi. Mahakama inataka kuona kuwa amepata wito na nakala ya maombi, na namna ya kumfikishia lazima mahakama iikubali, kwa hiyo mpe karani anwani yake kamili na barua pepe yake. Majibu yake ya kukubali ayasaini mbele ya mthibitishaji wa viapo huko aliko. Akija likizo shauri likiwa linaendelea, itaarifu mahakama mwenyewe. Msamaha wako ulisimama juu ya kutokuwepo kwake. Wewe mwombaji nawe uwe mkazi wa kudumu wa Tanzania, au uwe umeishi nchini angalau mwaka mmoja kabla ya kufungua.

Tuna nyumba moja, kiwanja, gari na mkopo wa benki. Mke wangu hakuwahi kuajiriwa, ila nataka tugawane bila kelele. Makubaliano yaandikweje? (Baba Neema, Mbeya)

Umewaza vizuri, Baba Neema. Anza na kanuni: kazi ya nyumbani ni mchango. Mahakama ya Rufani ililiweka wazi hilo mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, na tangu hapo anayesema "hakuchangia, alikuwa nyumbani tu" hana pa kusimamia. Mahakama huangalia mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa manufaa ya wote, mahitaji ya watoto na mila za jamii yenu, huku ikielekea kwenye usawa. Mali uliyokuwa nayo kabla ya ndoa huingia kwenye mgawo ikiwa iliendelezwa kwa kiasi kikubwa kwa juhudi zenu wakati wa ndoa.

Kwenye karatasi, "nyumba ya Uyole" haitoshi. Weka namba ya kiwanja na kitalu, namba ya hati, jina lililo kwenye hati, au mipaka na majirani kama eneo halijapimwa. Gari liandikwe kwa namba ya usajili. Kisha andika nani anachukua nini, ifikapo tarehe gani, nani atalipia uhamisho wa miliki, na itakuwaje tarehe ikipita. Mkiamua kuuza na kugawana, wekeni bei ya chini mtakayoikubali na nani atatafuta mnunuzi. Makubaliano ya "tutauza" yasiyo na tarehe ndiyo yanayowarudisha watu mahakamani.

Mkopo uangalieni kwa makini kuliko vyote. Benki haimo kwenye makubaliano yenu, kwa hiyo haifungwi nayo. Mkiandika kwamba mkeo atalipa mkopo ulio kwa jina lako, akishindwa benki itakufuata wewe. Nyumba iliyowekwa rehani haiwezi kuhamishwa kwa mkeo bila benki kuridhia. Nendeni benki wote wawili kabla ya kusaini.

Tumekubaliana watoto wabaki kwangu, naye asitoe chochote, ili mradi asinisumbue. Hakimu atakubali? (Msomaji, Tanga)

Hapana, mdogo wetu, na tunakuomba usilitafute hilo. Matunzo ni haki ya mtoto. Wewe huna uwezo wa kuisamehe kwa niaba yake. Hakimu ana wajibu wa kuchunguza mpango wa watoto hata mkiwa mmekubaliana, na anaweza kubadilisha makubaliano yasiyomfaa mtoto. Baba ana wajibu wa kutunza watoto wake hata wakiwa wanaishi kwa mama. Kwa mtoto wa chini ya miaka saba, sheria inaanza na dhana kwamba ni heri akae na mama, dhana inayoweza kupingwa kwa ushahidi.

Andikeni kiasi, siku ya mwezi, njia ya kutuma, nani analipa ada na matibabu, na baba atawaona lini. "Atawaona akitaka" ni mlango wa ugomvi.

Mume wangu ameshanipa talaka tatu mbele ya mashahidi. Je, mimi si huru? (Msomaji, Kigoma)

Kidini, swali hilo waulize masheikh wako. Kwa sheria ya nchi bado, dada. Kwa ndoa ya Kiislamu utaratibu uko hivi: Baraza kwanza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha, kisha mmoja atende jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa. Yote mawili yakithibitika, mahakama inaona ndoa imevunjika na inatoa amri ya talaka. Angalia mpangilio wa tarehe. Talaka iliyotamkwa Machi na hati ya Baraza ya Juni zimekaa kinyume, hivyo mweleze ukweli huo anayekuandalia maombi, asizibadilishe tarehe ili zipangike.

Ndoa yetu ina miezi 14. Tunaweza kuomba sasa? (Msomaji, Iringa)

Kabla ya miaka miwili tangu kufunga ndoa, unahitaji kwanza ruhusa ya mahakama, na ruhusa hutolewa ukionyesha kuwa unapata mateso makubwa yasiyo ya kawaida. Kutoelewana hakufiki hapo. Kama kuna kipigo, usisubiri miaka miwili: nenda polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, upate matibabu, na utunze karatasi zote.

Tumepewa hukumu wiki iliyopita. Kuna kilichobaki? (Msomaji, Moshi)

Kipo. Ombeni nakala zilizothibitishwa za hukumu na za amri ya talaka, kila mmoja zake. Linganisheni majina, namba ya hati ya nyumba na tarehe. Kosa la uandishi hurekebishwa kwa urahisi mapema kuliko baada ya miaka. Fuatilieni RITA kuhakikisha talaka imesajiliwa, msidhani karatasi imefika yenyewe. Anayetaka kufunga ndoa nyingine asubiri muda wa rufaa upite. Kwa uamuzi wa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi ni siku 45. Halafu badilisheni majina ya warithi kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, bima na akaunti za benki, kwa sababu amri ya talaka haiendi kuyabadilisha huko yenyewe.